Saruji Juu ya Mvule

Nimestaafu. Sherehe mliyonifanyia pale karakana ilikuwa nzuri, soda zilitosha, na aliyesoma risala alisema nilikuwa mtu mpole asiye na neno na mtu. Alikosea. Sijawahi kuwa mpole. Nilikuwa nakaa kimya, na watu wa ofisini huwa hawaoni tofauti.

Mmeniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya useremala serikalini, ili ninyi mliobaki mpate la kujifunza. Vyeo sitavieleza, maana havikuniongezea ufundi wowote, na mshahara wa serikali mnaujua wenyewe. Nitawaeleza habari za nyumba moja ya mbao iliyokuwa hapa Musoma mjini, juu kidogo ya mwalo wa Mwigobero. Wengi wenu hamkuiona. Pale leo pana ghala la matofali lenye mlango wa chuma, na kila nikipita napandwa na hasira kama vile mambo yenyewe yametokea asubuhi hiyo hiyo.

Nilikuja mjini kutoka Kiriba nikiwa kijana. Baba alikuwa mvuvi, na mimi nilikuwa najua kuziba mtumbwi usivuje, basi nikajiona seremala. Karakana ilikuwa chini ya Mzee Sefu. Baba yake alikuja kutoka Kongo, mama yake alikuwa Msukuma, yeye mwenyewe alizaliwa Musoma na hakupenda kuulizwa zaidi ya hapo. Alivaa kofia ya kitambaa hata akiwa juu ya paa. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi debe la misumari iliyopinda, nyundo, na kipande cha reli.

"Nyoosha," akasema.

"Halafu, mzee?"

"Halafu utanyoosha mingine."

Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha na nchi ilikuwa imekauka. Misumari mipya ilikuwa hadithi. Rangi haikuwepo, skrubu hazikuwepo, na saruji ilitolewa kwa kibali. Kibali ulikipata, saruji hukuipata. Kwa hiyo tulikuwa tunang'oa misumari kwenye majengo yaliyoanguka, tunainyoosha, tunaipigilia kwenye majengo yaliyokuwa yanaelekea kuanguka. Nilinyoosha misumari mpaka nikaota ninainyoosha. Ninyi leo msumari ukipinda kidogo mnautupa, na mimi nikiwa napita nauokota. Mlidhani ni uzee.

Mzee Sefu alinifundisha kitu kimoja ambacho sijakiona kwenye chuo chochote. Kabla hajagusa ubao kwa patasi aliugonga kwa kiungo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, akatega sikio. Ubao mzima unajibu, sauti inakuja wazi. Ubao uliooza ndani unanyamaza, hata kama nje unang'aa. Nilidhani ananitania. Ilinichukua muda mrefu sikio langu kuamka, na lilipoamka halikulala tena. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nagonga milango, na mke wangu huwa ananifinya.

Sikio hilo nililipatia kwenye nyumba ya Damji.

Damji alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi. Alinunua pamba ya Bunda, ngozi, samli na dagaa, akauza khanga, chumvi na baiskeli. Wakulima walikuwa na maneno yao juu ya mizani yake, na alipoondoka sikusikia aliyelia. Lakini nyumba aliyojenga ilikuwa nyumba. Ilikuwa ghorofa ya mvule mtupu, mvule uliovushwa ziwani kwa meli, duka chini na makazi juu. Juu palikuwa na baraza la mbao lililozunguka pande mbili, uzio wake umechongwa majani na maua. Mbao za ukuta wa nje zililaliana kama magamba ya sato, maji ya mvua yakateleza yasipate pa kuingilia. Na haikukaa chini kwenye udongo. Ilisimama juu ya nguzo fupi za mawe, upepo wa ziwa ukapita chini ya sakafu na kutokea upande wa pili. Kuku wa mtaa mzima walishinda huko chini wakati wa jua.

Mtaa wenyewe ulikuwa hivyo: maduka yenye baraza, msikiti, tanuri la mkate la Mwarabu, mafundi viatu, muuza kahawa aliyejua habari za kila mtu kabla mwenyewe hajazijua. Miaka kabla sijaja mjini, majumba ya wafanyabiashara wakubwa yalichukuliwa na serikali, la Damji likiwemo, naye akaenda zake na familia yake. Ndiyo maana nyumba ile ikawa mikononi mwa karakana yetu.

Aliyekuwa anaishi humo ni Bi Mwanaidi. Marehemu mumewe alikuwa mpima pamba wa Damji, na yeye aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, wakapewa chumba cha nyuma juu, upande wa ziwa. Damji alipoondoka, serikali ikampangishia nyumba yote. Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani chini, na miaka ile ya dhiki yeye ndiye aliyeuvisha mji. Kola ya shati ikichakaa aliifumua, akaigeuza ndani nje, shati likawa jipya tena. Alishona kaptura za shule kwa magunia ya unga wa msaada, na mtoto akikimbia mbele yako unasoma maandishi ya Kizungu kwenye makalio. Wanawe wote aliwazalia chumba kile cha juu kinachotazama ziwa, na mumewe alifia chumba hicho hicho. Akisema "kwetu", alikuwa hana maana ya mahali pengine.

Mbao zinataka mafuta. Zikikauka zinapasuka, maji yanaingia, na hapo umeshaipoteza. Mzee Sefu alizoea kupaka mafuta ya kitani kila kiangazi, lakini mafuta ya kitani yalitoweka pamoja na kila kitu kingine. Wakati huo sangara ndiyo kwanza ameanza kujaa kwenye nyavu, na watu wa huku walikuwa hawajamzoea. Walimwona samaki wa ajabu, ukimweka kikaangoni anajikaanga mwenyewe kwa mafuta yake. Pale Mwigobero wanawake waliyachemsha hayo mafuta kwenye masufuria makubwa. Mzee Sefu akasimama akayatazama, akayanusa, akaniambia nikalete debe.

Tuliipaka nyumba ya Damji mafuta ya sangara yakiwa ya moto, kwa matambara, kuanzia kwenye paa mpaka kwenye mawe. Mvule uliyanywa kama ng'ombe aliyetoka mbali. Harufu siwezi kuieleza. Paka wote wa Mwigobero walihamia barazani kwa Bi Mwanaidi, wakalamba kuta mchana kutwa, wakawa wanampigia kelele akijaribu kushona.

"Sefu, umenifanya mimi samaki," akalalamika, ufagio mkononi.

"Watachoka, mama. Nyumba haitachoka."

Kweli paka walichoka. Kila kiangazi tukawa tunarudia, na miaka yote ile ambayo hatukuwa na msumari, rangi, wala saruji, nyumba ile haikuvuja hata tone. Nataka mlishike hilo. Dhiki haikuiua nyumba ya Damji.

Sasa niwapeleke Butiama kidogo, maana huko ndiko nilikojifunza kinachoua. Tulitumwa kukarabati stoo ya shule moja. Ilikuwa na fremu ya mbao, na mtu mmoja zamani, kwa kutaka ipendeze, alizungushia mbao wavu wa kuku akapiga lipu ya saruji juu yake. Kwa nje ilikuwa safi, hata ufa haukuwepo. Niligonga nikasikia sauti ya saruji tu, ambayo haisemi kitu. Tulipobandua lipu, nguzo ya ndani ilikatikia mkononi mwangu kama ugali wa jana. Unyevu ulikuwa umeingia kwa chini ukakosa pa kutokea, ukakaa na mbao gizani ukaitafuna taratibu. Mzee Sefu alichukua unga wa ile mbao kwenye kiganja akaupuliza.

"Mbao inapumuaga," akaniambia. "Huyu wamemfunika pua."

Alistaafu muda mfupi baadaye, akabaki akishinda barazani kwa Bi Mwanaidi na kikombe chake cha kahawa. Mimi nikabaki na karakana.

Halafu mambo yakafunguliwa. Mnajua ninyi, ruksa, biashara huria, kila mtu auze anachoweza. Sikatai kwamba tulishukuru. Sabuni ilirudi, sukari ilirudi, misumari ilirudi ikiwa imenyooka. Na saruji ilirudi. Mifuko ilishushwa pale stendi mchana kweupe, bila kibali, na watu wakasimama kuitazama. Kwa miaka watu walikuwa wanaiota saruji, na walipoipata waliimwaga kila mahali. Walisakafia nyua na kuzungushia makaburi, na jirani yangu kule Makoko alimjengea bata wake bwawa. Nyumba ya tope au ya mbao ikawa aibu, mwenye nayo akawa anaomba radhi mgeni akija. Cherehani ya Bi Mwanaidi nayo ikanyamaza, maana mitumba ilishuka kwa marobota na hakuna aliyetaka tena kola iliyogeuzwa.

Mwenye marobota yenyewe alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Bunda. Jina lake siliandiki. Mjini tulimwita Mabelo. Alikuwa na lori, sauti kubwa, na alikuwa anatafuta kiwanja cha ghala karibu na ziwa. Akakiona cha Damji.

Wakati huo huo serikali ikaamua kuuza majumba yake. Bi Mwanaidi alifurahi mpaka akatufanyia chai ya maziwa, kwa sababu utaratibu ulisema mpangaji aliyekaa muda mrefu anunue kwanza. Akaja afisa wa majumba, Bwana Mafuru, mtu wa pwani ya ziwa kama mimi, kijana, shati limepigwa pasi. Alizunguka nyumba, akapanda juu, akashuka. Akasema nyumba haiuzwi.

"Kwa nini haiuzwi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimesimama pale na ngazi yangu.

"Hii ni nyumba ya muda, fundi. Mpangaji anauziwaga nyumba ya kudumu tu. Ya kudumu ni matofali, bloku au mawe. Mbao haimo."

"Bwana Mafuru, hii nyumba imejengwa wewe na mimi hatujazaliwa."

"Najua."

"Sasa ni ya muda gani?"

"Mimi sikutunga, fundi. Nyumba ya muda inavunjwa, kiwanja kinagawiwa upya kwa mwenye uwezo wa kujenga."

Mwenye uwezo wa kujenga alikuwa ameegesha lori ng'ambo ya barabara, anakula mahindi ya kuchoma.

Nimefanya kazi na wajinga na nimefanya kazi na wezi, na nawaambia kwamba hakuna aliyenikasirisha kama sentensi ile. Nyumba ilipita vita, ikapita njaa, ikapita miaka ambayo serikali yenyewe haikuwa na msumari wa kuipigilia, halafu serikali hiyo hiyo ikaja kuiambia kwamba haidumu. Na vibanda vya bloku vilivyokuwa vinajengwa juzi pale Nyasho, mchanga mwingi saruji kidogo, vyenye nyufa kabla havijapauliwa, hivyo ndivyo vya kudumu. Nilitaka kumrushia ngazi.

Lakini Mafuru hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Alikuja tena peke yake, akakaa barazani, akanywa chai, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye macho yake yanaona ukuta wa nje. Akikuta ukuta wa saruji, atasema saruji. Hatauliza kuna nini ndani.

Bi Mwanaidi alimshika mkono kama mwanawe. Mtaa mzima ukasimama. Mimi nilipinga. Niliwaambia habari za Butiama, nikawaonyesha kwa vidole vyangu ile nguzo ilivyokatika. Niliwaambia mkiifunga nyumba hii kwa saruji mnaizika ikiwa hai. Muuza kahawa akasema mimi naongea hivyo kwa kuwa nina nyumba yangu Makoko. Nikamgeukia Mzee Sefu, aliyenifundisha yote hayo, nikijua atasimama na mimi.

Alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

"Wapige lipu," akasema.

"Mzee, wewe ndiye uliyeniambia inafunikwa pua."

"Nilisema. Na bado nasema." Akanyanyua uso. "Manyama, ikibaki nzima itakuwa ya Mabelo, ataivunja kesho. Ikioza itakuwa ya Mwanaidi, atakaa humo miaka yake iliyobaki. Wewe unapenda mbao. Sisi tunampenda huyu mama."

 Maneno yale yananikasirisha mpaka leo, kwa sababu ni kweli. Nilibeba ngazi yangu nikaondoka. Wiki ile ile nikaomba kazi ya madawati kule Bunda ili nisione.

Waliobaki walifanya kazi kwa upendo mtupu. Kila mwenye nyumba alileta mfuko wa saruji au nusu mfuko. Vijana walibeba mchanga kutoka ufukweni. Mafundi wa msikitini walizungushia kuta wavu wa kuku, wakapigilia, wakapiga lipu kutoka juu mpaka chini, wakalainisha, wakachora mistari kwa kijiti ili ionekane kama bloku. Yale majani na maua ya uzio wa baraza waliyafunika pia, maana nayo ni mbao. Kisha, kwa kumaliza kazi vizuri, wakaziba ile nafasi ya chini ya sakafu ulikopita upepo, wasibaki kuku wakichafua nyumba ya kudumu.

Niliporudi kutoka Bunda nilikuta kitu cha kijivu kimesimama mahali pa nyumba. Mafuru alikuwa ameshakuja na kuona saruji. Mauzo yalikuwa yamepita. Bi Mwanaidi alilipaje ni habari yake na wanawe. Mtaa ulipika pilau, wakaalika mpaka sisi wa karakana. Bi Mwanaidi alikuwa amevaa khanga mpya, anacheka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alikuwa hana mtu wa kumwambia ondoka. Aliponiona alinijia.

"Umeninunia, Manyama?"

"Sijakununia wewe, mama."

"Basi kula."

Nilikula. Hasira haikatazi pilau. Lakini kabla sijaondoka nilienda upande wa ziwa, nikagonga ukuta kwa kidole. Sikusikia kitu.

Kuanzia hapo nyumba haikupakwa mafuta, kwani utapaka wapi? Na hata ungetaka, mafuta yenyewe ya sangara hayakushikika tena. Viwanda vya minofu vilikuja, sangara akawa anapanda ndege, na watu wa ziwani wakabaki kukaanga mapanki, yaani kichwa na miiba. Mzee Sefu alifariki katika miaka hiyo. Tulimzika mchana, mvua ikinyesha, na nilimsamehe njiani tukirudi. Sikumsamehe kabla ya hapo, na ningependa mjue hilo kuliko mnidhanie wema.

Bi Mwanaidi aliishi katika nyumba yake mpaka wajukuu wakaanza kwenda shule. Kisha msimu mmoja wa masika baraza la juu likalegea upande mmoja. Alinitumia mtu, nikaja na patasi. Nilibandua kipande cha lipu kwenye kona. Ndani ya wavu wa kuku hapakuwa na ubao. Palikuwa na unga mweusi, majimaji, na mchwa waliokuwa hawana haraka. Nilibandua kona ya pili, ikawa hivyo hivyo. Nguzo zote za nje zilikuwa zimekwisha. Kilichokuwa kinaishikilia ghorofa sikukijua.

"Kubaya?" akaniuliza kutoka dirishani.

"Shuka, mama. Shuka sasa hivi, na cherehani uiache."

Alishuka na cherehani.

Ofisi ikaamua nyumba ivunjwe kwa usalama wa wapita njia. Karakana ya kuvunja ilikuwa karakana yangu. Nikaenda mwenyewe, sikutaka kumtuma mtu mwingine akaishike kwa ubaya. Tulishusha mabati, tukashusha kenchi, tukatoa sakafu ya juu na kuta za vyumba vya ndani. Na hapo, vijana, ndipo nilipotaka kulia mbele za watu. Huko ndani ambako saruji haikufika, mvule ulikuwa mzima. Mbao ndefu, pana, nzito, rangi ya asali iliyokolea. Niligonga ubao mmoja na mtaa mzima ulisikia. Tulizipanga kando ya barabara.

Ganda la nje lilibaki limesimama peke yake, lipu na wavu, na ile mistari yake ya uongo ya bloku. Ndani yake hapakuwa na kitu.

Mafuru alikuja kukagua. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi, na sasa alikuwa na gari la ofisi. Alilitazama lile ganda akatikisa kichwa kwa kulistaajabia.

"Unaona, fundi? Mbao imeoza, saruji imebaki. Ndiyo maana sheria ilikuwa inasema vile."

Niliinua nyundo. Nasema kweli mbele ya Mungu kwamba niliinua nyundo, na kwa muda kidogo sikujua itatua wapi. Niliipiga kwenye ganda. Lilimeguka likaanguka lote kwa pigo hilo moja, vumbi likamfunika yeye na shati lake.

Akajikung'uta, akacheka, akidhani ni kazi. Kisha akatoa habari iliyomleta. Kiwanja kisicho na nyumba lazima kijengwe, na kijengwe nyumba ya kudumu, la sivyo kinagawiwa. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa juu ya kigoda kando ya cherehani yake, na kila mtu pale, pamoja na Mafuru, alijua kwamba hawezi kununua hata tofali la kukalia. Mabelo hakuwa na haja hata ya kuja kula mahindi siku hiyo. Alikuwa na uwezo wa kungoja.

Mafuru alipomaliza aligeukia ule mrundo wa mbao. Akapapasa ubao wa juu, akaupiga kofi.

"Fundi, hizi usimuuzie mtu. Nataka kutengeneza kitanda, na milango ya nyumba yangu ninayojenga. Mvule wa namna hii haupatikanagi siku hizi. Huu ukishauweka, umeuweka. Watoto wako wataurithi, na wajukuu."

 Sidhani alisikia alichosema. Nilikuwa natafuta tusi la Kijita la kumtosha, lakini Bi Mwanaidi alinitangulia. Hakupandisha sauti.

"Manyama. Hizo mbao ni zangu?"

"Ni zako, mama. Zote."

"Msumeno unao?"

"Ninao."

"Nikatie kuni."

Mafuru alidhani ni utani. Nilipouweka ubao wa kwanza juu ya farasi wa mbao wa kukatia na kuanza kukata, alinishika mkono.

"Fundi, una wazimu? Mnaharibu mali!"

"Mali gani, mwanangu?" Bi Mwanaidi akamuuliza. "Si ulisema ni nyumba ya muda?"

Aliniachia mkono. Akaingia kwenye gari, vumbi bado liko kwenye nyusi zake.

Nilikata. Maisha yangu yote nilikuwa natunza ubao, nachagua upande wa kuulaza, nafuata mishipa yake ili usipasuke. Siku ile nilikata mvule wa Damji vipande vya kutosha chini ya sufuria. Mvule mkavu wa namna ile haukatiki kirahisi. Meno ya msumeno yaliisha, nikayanoa, yakaisha tena. Vijana wa mtaa walipokezana na mimi, na mama mwenyewe alikuwa akisema, "Fupi zaidi. Asije mtu akapata hata ya kigoda."

Sasa anaishi chumba kimoja kwa binti yake kule Nyasho, chumba cha bloku kinachovuja. Juzi nilikwenda kumwambia kwamba nimestaafu. Alinikaribisha uani, akakoka moto chini ya birika, tukakaa tukingoja maji yachemke. Nyuma yake kuni zilikuwa zimepangwa mpaka kifuani mwa mtu.

"Bado unazo tu?" nikamuuliza.

"Haziishi, Manyama," akasema, akisukuma kipande ndani. "Nimechoma na kuchoma. Haziishi."